Vita vya Biti Butu na Chuma cha Bafuni

Njooni karibu, enyi mliowahi kushika nyundo mkajigonga kidole. Sogeeni, enyi mlioapa mbele ya wake zenu kwamba kazi hii ni ya dakika tano. Na ninyi wake zao msibaki nyuma, vuteni viti mkae, maana mliyoyaona kwenu ni michezo ya watoto kando ya haya yanayokuja. Wengine na wasimulie falme zilizoanguka na majeshi yaliyoangamia jangwani. Hayo ni mambo madogo, yametokea mara nyingi. Hapa itasimuliwa habari ya siku ile ambayo mtu mmoja, bandani kwake, amevaa kaptura na miwani ya kuogelea, aliinoa biti ya kutobolea chuma mpaka ikakata. Ee cheche, mulikeni simulizi hili. Nawe vumbi la kinoo, tuepushie macho mpaka tufike mwisho.

Shujaa mwenyewe alikuwa muuza dawa, mtu wa koti jeupe na kucha safi, aliyeshinda kutwa akihesabu vidonge na kuwaambia watu wasinywe na tumbo tupu. Lakini riziki ni riziki na moyo ni moyo, na moyo wake ulikaa nyuma ya nyumba, katika banda la mabati lenye meza, jiliwa la kubania vyuma, na makopo yasiyohesabika ya misumari iliyopinda ambayo siku moja ingenyooshwa. Mtaani hawakumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bwana Nitatengeneza, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitamka kila kilipoharibika kitu. Feni ilipoanza kupiga kelele alisema nitatengeneza, ikanyamaza, na upepo nao ukanyamaza. Redio ilipokwaruza alisema nitatengeneza, na tangu siku hiyo haijakwaruza, haijasema, wala haijapumua. Hata hivyo hakukata tamaa, na hilo tumsifu, maana wengi wetu tungekuwa tumeona haya zamani.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita, kwa kuwa hakuna vita bila chanzo, isipokuwa vile vya wakubwa. Mkewe aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mapacha wao ambao walikuwa wamekua wakahamia kwao. Mama Pacha alikuwa na mama yake mzazi, na huyo mama aliishi kwa mwanawe wa kiume, ghorofa ya juu kabisa, ambako mwaka huo aliteleza bafuni akaumia nyonga. Nyonga ilipona, ngazi hazikupona. Kila alipotaka kushuka kuota jua ilibidi abebwe mgongoni, na bibi kizee aliyelea watoto wake kwa mgongo huo huo hakupenda kubebwa kama gunia. Alitaka kuja kukaa kwa binti yake, kwenye nyumba isiyo na ngazi hata moja, na binti yake alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote duniani. Chumba kilikwisha tandikwa, pazia lilikwisha shonwa, na kila akipita mlangoni Mama Pacha alichungulia ndani kana kwamba mgeni amekwisha fika.

Kikwazo kilikuwa kaka mtu. Huyu alikuwa msimamizi wa ujenzi, bonge la mtu, aliyezungumza na familia yake kama anavyozungumza na vibarua. Alitoa sharti moja.

"Mimi mama yangu hatelezi mara mbili," alisema kwenye simu. "Jumamosi mchana namleta na begi lake. Nikikuta bafuni kuna chuma cha kushikilia, kimefungwa kikafungika, anabaki. Nikikuta hakuna, nageuza gari naye yumo ndani. Ningekuja kukifunga mwenyewe, ila nasikia hapo kwenu kuna fundi."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Bwana Nitatengeneza pale pasipofika dawa yoyote aliyowahi kuiuza.

Chuma kikatafutwa. Mchomeleaji alilipinda bomba zuri lisiloshika kutu, akalichomelea bamba nene kila mguu, kisha akashika mashine yake ili atoboe matundu ya skrubu, mawili kila bamba, kazi ya kufumba na kufumbua. Hapo ndipo shujaa wetu alipoinua mkono wa kulia.

"Acha," alisema. "Matundu ni kazi ya mwenye nyumba."

Mchomeleaji, mtu ambaye hajawahi kugombana na mteja anayempunguzia kazi, aliacha mara moja. Ukutani fundi wa vigae alikuwa ameacha tayari matundu manne yenye plagi zake za plastiki za kushikia skrubu. Mama Pacha akakipima chuma pale ukutani, akatia alama nne kwenye mabamba kwa rangi yake ya kucha. Vita vyote, basi, vilikuwa juu ya nukta nne nyekundu.

Ikapambazuka Jumamosi. Bwana Nitatengeneza akaingia bandani, akakibana chuma kwenye jiliwa, akaliteremsha kopo la maziwa ya unga lililohifadhi silaha zake. Ndani ya kopo hilo zililala keekee, au biti kama zinavyoitwa siku hizi, kubwa na ndogo, na zote, isipokuwa moja tutakayoitaja kwa heshima baadaye, zilikuwa butu kama kidole gumba. Nyingine zilikwisha toboa zege wakati ni za mbao. Nyingine zilikutana na misumari. Moja ilitumika kukoroga rangi, nayo ndiyo iliyokuwa na hali nzuri. Kila ilipochoka biti aliirudisha koponi kwa upole, akisema ataipatia makali siku moja, na siku hiyo ilikuwa haijawahi kufika.

Mtauliza, kwa nini asinunue mpya? Duka la vifaa lilikuwa pale kwenye kona, bango lake linaonekana kutoka dirisha la banda. Swali zuri, lakini ni la watu wasio na heshima ya kulinda. Maana alikwisha simama ndani ya duka hilo, mbele ya wateja, akatangaza, "Biti hununuliwa mara moja maishani. Baada ya hapo mwanamume hunoa." Muuza duka alikuwa ameyakariri maneno hayo, na kila shujaa alipopita alimuuliza kwa sauti ya upole, "Vipi, mzee, tunanoa?"

Akachagua biti, akaifunga kwenye drili, akaielekeza kwenye nukta ya kwanza, akaegemea kwa uzito wa mwili wake wote. Drili ikanguruma. Biti ikazunguka. Bamba likapiga yowe lililowatoa paka juu ya paa, moshi ukapanda, harufu ikatambaa hadi jikoni. Alipoinua chombo kutazama maangamizi aliyoyasababisha, hakukuta tundu. Alikuta rangi ya kucha imeungua, na mahali pake pamebaki duara dogo, linang'aa kama kioo.

"Linaanza kukubali," alijiambia.

Mama Pacha akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Baba Pacha, nini kinaungua huku?"

"Ni adui anayeungua," alijibu, akilifuta paji la uso. "Rudi jikoni, mke wangu, usije ukatazama mambo yasiyofaa kutazamwa na mtu mwenye huruma. Kwa maana chuma hiki kimejiona, kimesimama mbele yangu kikasema, hapiti mtu. Nami nakuapia kwa meza hii na kwa jiliwa hili, kabla adhuhuri haijafika kitafunguka macho manne!"

"Nikanunue biti mpya? Duka lile pale."

"La hasha! Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, mama, na kisu hakinunuliwi kikali, kinanolewa!"

"Kinanunuliwa," alisema Mama Pacha. "Wanauza. Mama yuko njiani, Baba Pacha."

"Nami niko vitani," alisema, akageuka, akawasha kinoo cha umeme.

Naam, kinoo! Jiwe la mviringo lilianza kuzunguka likiimba, na shujaa akajiandaa kwa vazi la vita. Kwa kuwa miwani ya kukinga cheche alikuwa ameiazima jirani, na jirani ni jirani, alivaa miwani ya kuogelea ya mapacha tangu walipokuwa darasa la nne, ya bluu, yenye picha ya samaki pembeni, nayo ikambana masikio mpaka yakasimama. Kikombe cha chai cha mkewe akakijaza maji ya kupozea. Kisha akaikabidhi biti ya kwanza kwenye jiwe, na cheche zikaruka kwa wingi na fahari, zikamwangukia miguuni, akaruka nazo.

Aliinoa kama mtu anavyochonga penseli, akiizungusha pande zote kwa usawa, na ilipotoka ilikuwa na ncha nzuri ya kuchoma, inayofaa sana kushonea viatu. Akarudi nayo kwenye bamba, mahali pale pale, kwa kuwa alikuwa amejiwekea nadhiri asihame: nukta ya kwanza ndiyo iliyomtukana, na nukta ya kwanza ndiyo itakayotoboka kwanza. Yowe. Moshi. Duara likazidi kung'aa.

Ya pili aliinoa mpaka ikawa bapa. Ya tatu ilimponyoka, ikaruka, ikagonga bati, ikapotea katika makopo ya misumari ambako iko hadi leo. Ya nne ilikuwa ndefu ilipoingia vitani na fupi ilipotoka. Kila moja alipoirudisha kwenye lile duara ilipiga yowe lile lile na kuteleza vile vile, na kila mara duara likawa linang'aa zaidi, na kila mara shujaa akasema kwamba linaanza kukubali. Debe tupu haliachi kuvuma. Kufikia hapo hata paka walikuwa wamezoea wakarudi juu ya paa.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya shemeji, na nyuma yake mngurumo wa gari.

"Tumeshatoka. Mama amekaa mbele. Nimebeba na mashine yangu, huwezi jua." Akacheka. "Unaendeleaje, shemeji? Tunanoa?"

Hata yeye alikuwa amesikia. Shujaa akaiweka simu chini, akaivua miwani ya kuogelea, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaogopa kwa dhati. Hapa na msimuliaji anyamazishe kicheko kidogo, maana jambo hili halichekeshi. Bwana Nitatengeneza alimpenda yule bibi. Siku ile ya ujana wake alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, alivaa kiatu alichokuwa amekigandisha soli mwenyewe kwa gundi, na soli ikabaki kizingitini yeye akaingia na kilichobaki. Wajomba walicheka mpaka wakashikana mabega, na kaka mtu, wakati huo kijana, ndiye aliyecheka zaidi. Mama peke yake hakucheka. Aliiokota soli, akaiweka kando vizuri, akasema, "Huyu walau anajaribu." Alikuwa ameyaishi maneno hayo miaka yote ile. Sasa mwanamke huyo alikuwa anakuja akiwa na begi, na kama nukta nne hazitakuwa matundu manne, angerudishwa juu kwenye ngazi zake, abebwe mgongoni na mwanawe, na Mama Pacha angekifunga kile chumba bila kusema neno. Huko kunyamaza ndiko alikokuogopa kuliko yote.

Ndipo akaikumbuka ile biti moja. Katika kopo ilikuwamo biti nyembamba kuliko zote, ambayo hakuwahi kuitumia kwa kuogopa isivunjike, na hivyo ilikuwa bado na makali iliyozaliwa nayo kiwandani. Haikuweza kutoboa tundu lile, ilikuwa ndogo mno. Lakini aliichukua lenzi yake ya kusomea maandishi ya kwenye pakiti za dawa, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa utulivu kama anavyotazama karatasi ya daktari mwenye mwandiko mbaya. Aliitazama muda mrefu. Na akaona.

Makali yalikuwa juu. Nyuma ya makali chuma kilishuka, kidogo tu, kikiinama kuyapisha yapite. Akatazama zile alizozinoa asubuhi nzima: nyuma kulikuwa sawasawa na mbele, na nyingine nyuma palikuwa juu zaidi. Kumbe kila biti aliyoipeleka vitani ilikuwa ikitanguliza makalio, makali yakisubiri zamu yao kwa adabu.

Hakutoa hotuba. Alichukua biti ya ukubwa uliotakiwa, ile ya kukoroga rangi, akavaa tena samaki wake wa bluu, akailaza kwenye jiwe kwa pembe moja, akausukuma mkia wake chini taratibu ili nyuma ishuke. Akachovya kikombeni. Akatazama kwa lenzi akiifananisha na ile nyembamba. Akageuza upande wa pili, akafanya vile vile, mpaka midomo yake miwili ya kukatia ikalingana. Alipoigusa kwa kidole gumba, tone la damu likatokea, naye akalitazama lile tone kwa furaha ambayo si ya kawaida kwa mtu anayeuza plasta.

"Sasa!" alisema, akaielekeza biti kwenye duara la kung'aa.

Yowe. Moshi kidogo. Biti ikateleza juu ya duara kama mtoto kwenye sakafu iliyomwagwa sabuni.

Akajaribu tena. Vile vile. Basi ule moyo uliostahimili feni, redio na bomba la jikoni, moyo ambao dunia nzima ilishindwa kuushauri, ukavunjika. Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, naye alichutama.

"Mama Pacha," aliita, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo. Nenda kanunue."

Mama Pacha akaja amekwisha vaa viatu, mkoba begani, kama mtu aliyekuwa amevaa hivyo tangu asubuhi. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Ya saizi gani?"

Hakujua. Namba ilikuwa imefutika zamani kwenye shina la biti.

"Basi nipe hicho chuma niende nacho, aone mwenyewe."

"Uende nacho? Dukani? Apaone pale palivyoungua?"

Mama Pacha akalitazama bamba lililoungua, jeusi pembeni, kioo katikati, akakubali kwamba kweli hapakuwa mahali pa kupitisha mtaani. "Si kina miguu miwili? Tutamwonyesha mguu msafi." Akalilegeza jiliwa mwenyewe, akakigeuza chuma mwisho kwa mwisho, akakibana. "Hapa. Gusa tu na hiyo biti yako, ikwaruze duara, ajue upana. Haraka, Baba Pacha."

Akasimama, bila matumaini, bila miwani, bila kuegemea, akaigusisha biti kwenye nukta safi ili tu imwekee alama. Drili ikanguruma, na hapakuwa na yowe. Kulikuwa na sauti nyingine, laini, ya kitu kinachokubali. Kutoka pande mbili za biti vikaanza kupanda vipande virefu vya chuma vilivyojikunja, viwili, sawasawa, vinang'aa, vikizunguka na kuangukia meza. Akasahau kuacha. Biti ikashuka, ikashuka, ikapenya, na drili ikagota kwenye bamba kwa mshituko ulioyagonganisha meno yake.

Wakainama wote wawili juu ya bamba.

"Imeingia," alisema Mama Pacha.

"Imeingia," alisema Bwana Nitatengeneza.

Akavuta biti, akaligeukia lile bamba lililoungua, akalitazama upya lile duara. Ndipo ukweli wote ukamfikia. Kila biti butu aliyoisugua pale ilikuwa imekipasha chuma moto na kukikomaza, mara kwa mara, mpaka doa lile likawa gumu kuliko silaha zake zote. Asubuhi nzima, kwa jasho na kwa nadhiri, alikuwa akimnoa adui.

Mtu wa kawaida angeona aibu. Yeye aliona mkakati. Tundu la pili la mguu msafi likafunguka. Kisha akakibana tena chuma kwa mguu ulioungua, akatoboa nukta isiyoguswa, na ikabaki moja, ngome yenyewe, ambayo isingeweza kuhamishwa kwa kuwa tundu lake lilikwisha kuwapo ukutani.

"Ngome ambayo lango lake limekomaa," alinena, na sauti yake ilikuwa imerudi yote, "shujaa haigongi langoni kama mdai. Huizunguka! Huipanda kwa nyuma, wakati walinzi wote wamekodolea macho barabara kuu! Mama Pacha, nigeuzie bamba!"

"Nakugeuzia," alisema Mama Pacha, akiutupa mkoba mezani, "ila toboa, usihutubie, nasikia gari."

Akalitoboa kutoka nyuma. Vipande vilivyojikunja vikapanda, vikapungua, biti ikafika kwenye lile doa kutoka upande ambao halikuutarajia; likapiga yowe moja la mwisho, fupi, likatoboka. Matundu yakawa manne. Laiti kungekuwa na tarumbeta! Palikuwa na honi ya gari tu, nje, ikipigwa mara mbili na mtu asiye na subira.

Walikimbia. Mke alishika chuma, mume alishika skrubu kwa meno na bisibisi kwa mkono, na shemeji alipokuwa akimshusha mama kwenye gari pole pole, mguu kwa mguu, ukutani mle ilikuwa inaingia skrubu ya mwisho. Wakatoka bafuni wanahema.

Shemeji akaingia amebeba sanduku la njano la mashine yake. Hakusalimia sana. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akakishika chuma kwa mikono miwili, akakivuta. Kisha akajining'iniza. Ule ulikuwa mwili uliolishwa vizuri kwa miaka mingi, na aliinyanyua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akabembea kidogo kwa chuki. Chuma hakikujibu. Akashuka, akainama, akatazama skrubu moja moja.

"Chuma kigumu hiki," alisema. "Umetoboa na nini?"

"Na biti niliyoinoa kwa mkono huu," alisema Bwana Nitatengeneza, akijinyoosha mpaka akamfikia shemeji begani, "biti iliyodharauliwa, iliyokoroga rangi, iliyotupwa kopo moja na walioshindwa, ikainuka siku ya leo ikafanya yale ambayo..."

"Mwenyewe umeinoa?"

"Mwenyewe."

Shemeji akatazama mlangoni kuona kama dada yake anasikia. Kisha akalifungua lile sanduku la njano kwa upenyo mdogo. Biti zilipangwa ndani kwa ukubwa, nzuri, kila moja na kitanda chake, na zote vichwa vyao vilikuwa mviringo kama vya viberiti.

"Hizi zangu haziingii hata kwenye sabuni," alinong'ona. "Vibarua wananiharibia. Hebu utanisaidia, shemeji. Lakini usimwambie mtu."

Msimuliaji naye aliombwa asimwambie mtu.

Mama akaingia bafuni peke yake, akafunga mlango. Bwana Nitatengeneza, kwa adabu ya mkwe, akasimama mbali, sebuleni, akijifanya anatazama feni. Mama Pacha alisimama karibu na mlango, mikono ameifumbata. Maji yakasikika. Kisha sauti ndogo ya pete ya mama ikigonga kwenye chuma, na ya mtu anayeinuka taratibu bila kusaidiwa. Mlango ukafunguka. Nyuma yake, juu ya kile chuma cha kihistoria, lilikuwa limetundikwa taulo bichi.

"Pale chini pameungua," alisema mama.

"Naam, mama," alisema Bwana Nitatengeneza, akainamisha kichwa. "Pale nilikuwa najaribu."

Mama akamtazama: kaptura, vumbi, alama nyekundu za miwani ya kuogelea kuzunguka macho, damu kwenye kidole gumba. Akaenda kwake pole pole, bila kushika ukuta, akamshika ule mkono.

"Leo hukujaribu, mwanangu," alisema. "Leo umetengeneza."

Kisha akamgeukia mwanawe. "We, begi langu bado liko garini? Lilete. Mimi sirudi."

Basi na iandikwe, enyi mliovumilia mpaka hapa, kwamba katika mwaka ule, siku ya Jumamosi, kabla chakula hakijapoa, yalitobolewa matundu manne katika chuma kisichoshika kutu, na kwamba yametobolewa na mtu mmoja aliyejifunza kutazama kabla ya kusukuma, ingawa alijifunza amechelewa. Falme zimesimamishwa kwa mambo madogo kuliko hayo, na nyingi hazikudumu kama lile bamba. Ile biti ya ushindi iko koponi, juu ya nyingine zote, na hairuhusiwi kukoroga kitu.

Shemeji akalileta begi mpaka mlangoni akaliacha hapo, likainama upande mmoja.

"Gurudumu limekatika," alisema mama.

Bwana Nitatengeneza akavuta pumzi. "Nita..."

"Usithubutu," alisema Mama Pacha, akicheka na machozi yakimtoka, na mumewe akalibeba begi begani, akaliingiza chumbani.